Tajiri anataka hesabu, injini inataka oili

Wiki iliyopita tulichonga kuhusu matairi ya mtumba na naona imewagusa wengi, maana meseji zimemiminika. Moja nimeona niijibu hapa hapa. Imetoka kwa mshikaji wa Handeni. Jina lake naliweka kapuni, kwa sababu tajiri wake naye ni msomaji wa gazeti hili.

Mshikaji anaendesha Noah ya abiria, ruti ya Handeni–Korogwe. Nafupisha maneno yake: fundi wa kwanza kamwambia oili ya injini inamwagwa kila kilomita 3,000. Wa pili kasema 5,000. Wa tatu kamwambia asiguse kitu mpaka aione imekuwa nyeusi. Tajiri akiulizwa anajibu, "Si ulibadili juzi tu?" Mshikaji anauliza amfuate nani. Halafu mwishoni kaongeza kitu ambacho kwangu mie ndicho swali lenyewe: "Na hela ya hiyo oili inatoka mfuko wa nani?"

Kaka, nimekusikia. Mie si injinia, ni mtoto wa Korogwe niliyeishia kidato cha nne. Lakini kwenye gereji za Manundu nimekaa sana, na vitabu vya magari navisoma kama wenzangu wanavyosoma hadithi za mapenzi. Tuanze na mafundi wako watatu.

Wa tatu muage kwa heshima. Rangi ya oili haikuambii kitu cha maana. Kazi ya oili si kulainisha peke yake. Inabeba joto, inazuia kutu, na inaosha masizi na kuyashikilia yasigande kwenye vyuma. Kwa hiyo oili inayofanya kazi yake lazima ichafuke. Mwaga oili ya Fuso la dizeli leo asubuhi, jioni chomoa stiki uitazame: imeshakuwa nyeusi tii. Je, umwage tena? Rangi ya kuogopa ni moja tu, ile ya chai ya maziwa. Ukiiona hiyo, maji yameingia kwenye oili na pengine gasketi ya silinda hedi imekwenda. Hapo zima gari, usijifanye shujaa wa kufika Segera.

Sasa hawa wawili wa namba. Namba hazikutoka kichwani mwa fundi, zimetoka kwenye kitabu cha gari. Toyota kwao Japani, kwa gari nyingi za petroli zisizo na taabo, wanaandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia ndicho. Najua kuna mtu hapo ameshaanza kushangilia. Ngoja kwanza! Kitabu hicho hicho kinasema kama gari lina matumizi magumu, kata nusu: 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu kwao ni nini? Njia mbovu, vumbi, milima, tripu fupi fupi, kwenda polepole kwa muda mrefu na kusimama injini ikiwa inaunguruma.

Yaani Wajapani wameiandika Handeni bila kuijua jina. Lami ya kwenda Korogwe na ile ya kwenda Mkata ni nzuri, sikatai. Lakini ukitoka kwenye lami kuingia vijijini, au ukielekea upande wa Kilindi wakati wa kiangazi, lile vumbi jekundu si unalijua? Linaingia mpaka kwenye masikio, sembuse filta ya hewa. Vumbi likishapita kwenye filta iliyochoka linachanganyika na oili, na oili yenye mchanga ni msasa. Halafu kuna lile zoezi letu la stendi: gari limesimama nusu saa, injini inawaka, konda anaita abiria wawili wa mwisho. Kilomita hazisogei hata moja, lakini oili inachoka.

Ongeza na hili: namba za Wajapani ni za injini yao, na oili ya daraja waliloliandika wao. Noah yako imefika Bongo ikiwa na umri wa kuoa. Ndiyo maana fundi wa pili yuko sawa: kwa gari la kazi na oili ya kawaida, kilomita 5,000 ni hesabu ya mtu mwenye akili. Wa kwanza naye si mwongo. Kama mwezi mzima unapiga njia za vumbi na oili ni ya bei ya chini, 3,000 haina ubaya. Ukiweka ile ya sintetiki, ya daraja linalotajwa kitabuni, unaweza kwenda mbele zaidi, ila filta ibadilike kila unapomwaga. Kumwaga oili na kuacha filta ya zamani ni sawa na kuoga halafu unavaa shati lile lile.

HESABU ZA STENDI

Tatizo ni kwamba wengi hatuhesabu kilomita, tunahesabu miezi. Tufanye hesabu pamoja. Handeni–Korogwe ni kama kilomita 65. Ukienda na kurudi mara mbili kwa siku ni 260. Gawanya 5,000 kwa 260: ni siku 19. Siku kumi na tisa! Wiki tatu hazijatimia. Sasa yule anayesema "mie sevisi nafanya kila miezi mitatu", akifanya kazi siku 26 kwa mwezi ameshatembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa oili moja. Ameruka sevisi tatu, halafu injini ikinoki anakwenda kwa mganga kutafuta aliyemroga.

Na kinyume chake kipo. Mwalimu wa pale Korogwe mjini ana IST yake, nyumbani hadi shuleni na kurudi ni kilomita sita kwa siku. Akisubiri 5,000 zitimie atasubiri zaidi ya miaka mitatu. Naye anaua injini, tena kwa upole. Tripu fupi haziachi oili ipate joto la kutosha, kwa hiyo unyevu na mvuke wa petroli vinabaki humo humo na kutengeneza tindikali. Mwalimu, wewe hesabu kalenda: kila miezi sita, ukichelewa sana mwaka. Umeona sasa kwa nini swali la "kila baada ya kilomita ngapi" halina jibu moja la wote?

Kabla sijaiacha oili ya injini: chomoa stiki kila asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare, injini ikiwa imepoa. Gari zetu nyingi zinakula oili. Unaweza kuwa ndani ya 5,000 zako kwa uaminifu kabisa, kumbe chini imebaki lita moja na nusu. Na galoni ikiisha, itoboe. Kuna wajanja wanaookota galoni tupu za majina makubwa na kujaza wanachokijua wao.

BREKI ZA KUSHUKA LUSHOTO

Hapa naomba tuache utani kidogo, maana oili ya injini ikichoka inakufa injini, lakini mafuta ya breki yakichoka anakufa mtu.

Toka Korogwe nenda Mombo, halafu panda Lushoto. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Lushoto iko karibu mita 1,400. Barabara yenyewe ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, unapita Soni ukiwa na ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya breki, na ndiko kwenye habari.

Mafuta ya breki yana tabia moja mbaya: yananyonya unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Yakiwa mapya, yale ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakishalowa. Sasa shuka na Noah ya watu wanane na magunia ya kabichi, mguu umeukalia kwenye breki kutoka Soni mpaka Mombo. Joto la pedi linapanda, mafuta yanachemka na kutoa mvuke. Waliosoma Fizikia wanakumbuka: kimiminika hakibonyei, mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali inazama mpaka chini, na gari linaendelea na safari zake.

Kwa hiyo mafuta ya breki kila miaka miwili, hata kama gari halijatembea. Nasema kuyabadili yote, siyo kuongezea. Kuongezea mapya juu ya yaliyolowa hakuondoi maji. Na yakipungua kwenye kikopo, usikimbilie kuongeza kabla hujaangalia: pengine pedi zimekwisha, au kuna mahali panavuja. Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafu ya gereji tangu mwaka juzi usiikubali, nayo imekuwa ikinywa hewa muda wote huo. Na asikudanganye mtu kuweka oili ya injini au haidroliki ya stelingi humo. Mipira ya breki itavimba, na breki utazisikia kwa jirani. Ukianza kushuka, weka gia ndogo, injini ikusaidie kulishika gari.

MAJI YA REJETA

Handeni wanaijua thamani ya ndoo ya maji kuliko mtu yeyote, kwa hiyo sitaki kuwafundisha. Lakini kwenye rejeta maji yoyote si maji. Maji ya kisima chenye chumvi yanaacha ukoko ndani ya injini, ule ule unaouona kwenye sufuria ya chai. Ukoko unaziba vijia vya rejeta, gari linachemsha, na fundi wa njaa anakuja na dawa ya mkato: "Tutoe thamostati." Usikubali. Thamostati ikitolewa, injini inachukua muda mrefu kupata joto lake, inakula mafuta, na oili inachafuka haraka.

Weka kulanti. Kazi yake kwetu si kuzuia barafu, barafu tutaipata wapi Korogwe? Inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Ile ya kijani ya kawaida badilisha kila miaka miwili au kilomita 40,000. Ile ya pinki ya Toyota inadumu miaka kadhaa, ila usiichanganye na kijani. Ukikwama njiani weka maji safi ufike, ukifika yamwage uweke kitu cha kueleweka. Na mfuniko wa rejeta haufunguliwi gari likiwa la moto. Kuna sura za watu mitaani zinazoweza kukusimulia.

GIABOKSI

Hii ni ya vijana wa IST, maana ndiyo gari ya mjini. Jina moja lakini ni gari mbili tofauti. IST ya zamani, iliyotoka 2002 hadi 2007, ina giaboksi ya otomatiki ya gia nne, na mafuta yake ni yale mekundu ya T-IV. IST mpya, za 2007 kuja juu, nyingi zina giaboksi ya CVT na zinataka mafuta ya CVT. Ukisema dukani "nipe ya IST" bila kutaja ni ipi, umecheza bahati nasibu. Fundi akikuwekea nyekundu ya kawaida kwenye CVT, mkanda wa ndani unateleza na giaboksi inakwenda na maji. Kwa gari la kazi, badilisha kati ya kilomita 40,000 na 80,000. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, umeshachelewa.

Giaboksi ya kawaida na difu ni 40,000 hadi 50,000. Lakini kama masika umevuka mto maji yakafika kwenye difu, fungua nati uangalie siku hiyo hiyo. Mafuta ya stelingi tazama rangi na kiasi kila sevisi. Gari nyingi ndogo siku hizi zina stelingi ya umeme na hazina mafuta hayo kabisa, kwa hiyo ukiandikiwa kwenye risiti, uliza kwa upole yamewekwa wapi.

Na kama umeagiza gari kutoka Japani, angalia kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Ni rekodi ya sevisi ya mwisho. Mara nyingi mwaka unaandikwa kwa kalenda ya mfalme wao: enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo namba ya mwaka unaijumlisha na 1988. Heisei 25 ni 2013. Kuanzia 2019 ni Reiwa, hiyo unajumlisha na 2018. Ukishajua mafuta yana umri gani, wala hutaniuliza. Utamwaga yote.

BODABODA WA MKATABA

Ndugu zangu wa pikipiki, nyie oili yenu inafanya kazi tatu kwa mpigo: inalainisha injini, gia na klachi, vyote vinaogelea humo humo. Ni kama lita moja tu, na injini inapozwa na upepo. Msiweke oili ya gari, nyingi zina dawa za utelezi na klachi itaanza kuteleza. Nunua iliyoandikwa ya pikipiki, fuata kilomita za kitabu, na kama unapiga vumbi punguza.

Halafu mfikirie mkataba wenyewe. Unapeleka hesabu kila siku, mwaka na ushee, ili mwishoni pikipiki iwe yako. Kila oili unayoiruka ili hesabu itimie, unaiharibu mali ambayo kesho ni ya kwako. Siku unakabidhiwa kadi ndiyo siku injini inaanza kutoa moshi wa bluu. Uliyemwibia ni nani?

SASA MFUKO WA NANI?

Narudi kwa kaka yangu wa Handeni. Wewe unaogopa kugusa hesabu, tajiri anaogopa kudanganywa, na injini katikati haina mdomo. Tajiri akisikia "oili" anafikiri unatafuta hela ya bia. Wewe ukiambiwa "subiri wiki ijayo" unasubiri, kwa sababu gari si lako. Injini ikifa, yeye amepoteza mtaji na wewe umepoteza kazi. Usipoziba ufa, mtajenga ukuta wote wawili.

Ushauri wangu ni daftari la shilingi mia kadhaa, likae ndani ya gari. Kila unapomwaga oili andika tarehe, kilomita za kwenye dashibodi, aina ya oili na filta, kisha bandika risiti. Tajiri asome mwenyewe. Pili, oili iwe ndani ya hesabu ya kila siku, isiwe dharura. Tuseme galoni na filta ni shilingi 76,000. Gawanya kwa siku zako 19: ni 4,000 kwa siku. Tajiri akubali hesabu ipungue kwa kiasi hicho, hela ikae pembeni, na siku ya 19 hakuna wa kumwomba mwenzake. Mkalishe chini, mwoneshe hizi namba. Ukiona aibu, mwachie gazeti juu ya siti.

Haya, kata hapa chini ubandike gereji:

Oili ya injini na filta: kilomita 5,000 kwa gari la kazi na oili ya kawaida, gari la tripu fupi, miezi sita.
Mafuta ya breki: miaka miwili.
Kulanti ya kijani: miaka miwili au kilomita 40,000.
Giaboksi otomatiki: 40,000 hadi 80,000, aina iliyoandikwa kitabuni tu.
Giaboksi ya kawaida na difu: 40,000 hadi 50,000.
Maji ya betri, kwa betri za kufungua: kagua kila mwezi, ongeza yale ya betri, siyo ya bomba.
Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, kifuate hicho.

Na oili chafu usiimwage mtaroni, tunakunywa maji ya visima hapa. Wiki ijayo tutazungumzia taa za dashibodi, hasa ile ya njano ambayo wengi mmeizibia na stika. Kwaherini kwa sasa, endesheni taratibu.